Sarafu za Baba Mkwe na Chupa ya Siki

Jumatatu, 3 Juni

Leo maisha yangu yamegeuka. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo, kwa kuwa kiti chetu kimevunjika mguu na penye kiti cha pili pamekaa tangi la maji.

Kwa faida ya vizazi vijavyo, nieleze. Mimi na mke wangu tunaishi chumba cha nyuma katika nyumba ya mama mkwe. Kuta zinatoa jasho. Tangi linakoroma. Mke wangu anakohoa tangu mvua zilipoanza, na akikohoa halitazami tangi, ananitazama mimi. Mbele, upande wa barabara, kuna chumba kikavu chenye dirisha kubwa. Kilikuwa chumba cha kushonea cha marehemu baba mkwe, na tangu afariki kimefungwa. Sasa mama mkwe ametangaza kwamba Jumapili, baada ya chakula cha mchana, atakikabidhi kwa mmoja wa wakwe zake, yule atakayemwona ana kazi ya kueleweka na mkono wa kutunza vitu.

Wakwe tuko wawili. Mimi, na mwanyumba, yaani bwana aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Ni fundi saa. Anafanyia kazi kwenye kimeza kibarazani mwa duka la viatu, kimeza ambacho mguu mmoja ni mfupi, na kutwa nzima hasemi maneno yanayojaza kijiko. Watu wanaita hiyo busara. Mimi naita uvivu wa ulimi. Kipara pia anacho. Wahenga walisema akili ni nywele.

Mama mkwe amenituma nikapanguse vumbi chumba cha mbele. Amenituma mimi, si yeye! Hiyo ni dalili. Chini kabisa ya kabati nikakuta kopo la biskuti. Ndani yake chaki, vifungo, na kamba iliyotungwa sarafu za shaba. Zina tundu la mraba katikati na maandishi ya Kichina kuzunguka tundu. Kumi na mbili zinalingana. Ya kumi na tatu ni kubwa, nene, na ina ukoko mwingi wa kijani kuliko zote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, nimekipata.

Nikamuuliza mama mkwe juujuu, kama mtu asiye na shida. Akasema ni vyuma vya marehemu vya kukandamizia kitambaa kisicheze wakati wa kukata. Alipewa na baharia mmoja aliyekuwa mteja wake. Nikivitaka nichukue, ila mkasi na pasi ya marehemu nisiviguse.

Vyuma! Maskini mama. Kufikia Jumapili ataona kwamba mkwe wake ni mtaalamu wa sarafu za kale, na mtaalamu hawezi kupokea wateja kando ya tangi.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya masomo. Nimetafuta kwenye simu, nikapata kijana anayefundisha kutambua sarafu za Kichina. Akasema za bandia ni nyingi mno. Akasema mtu atazame rangi, atazame ukingo, asikilize mlio. Rangi ya namna gani, ukingo wa namna gani, alikuwa anakaribia kueleza ndipo bando likaisha.

Haidhuru. Mtu mwenye akili akipewa nusu, nusu nyingine anaijaza mwenyewe.

Mchana nimesoma maandishi. Jirani ana birika la umeme ambalo boksi lake limeandikwa Kichina upande mmoja, nikaliazima. Baada ya kulinganisha kwa muda mrefu nimepata herufi moja inayofanana kabisa na ya kwenye sarafu, au karibu. Kwenye boksi iko pembeni ya picha ya mkono unaoungua. Kwa hiyo maana yake ni moto, au usiguse. Sarafu hizi zilitolewa na mfalme mkali.

Mke wangu akasema anaona nimeishika sarafu kichwa chini. Nikamjibu kwamba kitu cha duara hakina kichwa. Akakohoa.

Kinachonikwamisha sasa ni lenzi. Lenzi anayo mwanyumba.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kibarazani kwa mwanyumba nikiwa na uso wa mtu anayepita tu. Nikamwomba lenzi moja kwa siku chache. Akafikiri weee, kisha akaonyesha kwa kidole mguu mfupi wa meza. Alitaka kitu bapa cha kuwekea chini yake, maana saa za watu zinateleza.

Hapo ndipo nilipojipongeza. Nilikuwa na sarafu zangu mfukoni. Kumi na mbili zinafanana, moja haifanani. Katika hali hiyo nani mwongo? Hata mahakamani mashahidi kumi na wawili wanamshinda mmoja. Nikaichomoa ile kubwa, bandia bila shaka, nikampa. Akaizungushia kitambaa chake laini cha kufutia saa kabla ya kuisukuma chini ya mguu. Kujisumbua kwa bure! Meza ikasimama. Akasema asante. Nimeondoka na lenzi, na bandia nimemwachia yeye. Karibu nimwonee huruma.

Nyumbani nikaweka lenzi jichoni. Moyo ukanipasuka. Kwenye kingo za sarafu zote kuna mikwaruzo midogomidogo, imelala upande mmoja. Mtu amezipiga tupa! Mfanyabiashara yeyote akiiona atajua zimechezewa. Na juu ya hayo, uchafu wa kijani kila mahali. Mtu gani aliyestaarabika anapeleka kitu cha kifalme kikiwa kimeota ukungu?

Nikaanza na kingo. Msasa, taratibu, mpaka kila moja ikawa laini kama kifungo cha shati. Kisha ndimu, majivu na chuma cha kusugulia sufuria. Kufikia alasiri sarafu kumi na mbili zilikuwa zimepangwa dirishani zinametameta. Nimetokwa na chozi, na si kwa ajili ya ndimu tu.

Mke wangu alipita na ndoo ya nguo. Akauliza kwa nini nisimuulize kwanza mtu anayejua. Nikamwambia mtu haendi kuposa na matope miguuni. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda zake. Sijui alikuwa anamsema nani.

Alhamisi, 6 Juni

Jaribio la mlio. Nimeidondosha sarafu moja sakafuni bafuni, ambako sauti inavuma vizuri. Ikalia vizuri sana. Kisha ikabingirika, ikazunguka mara mbili kwa madaha, ikaingia kwenye tundu la maji machafu.

Sasa ni kumi na moja. Ni namba rahisi kubeba.

Baadaye nimekwenda duka la vitu vya kale, kupeleleza tu. Mwenye duka ni bibi mrefu mwenye miwani ya mnyororo, ambaye tabasamu lake nadhani nalo analiuza kwa oda. Aliniuliza saa ngapi, kwa kuwa saa yake iko kwa fundi. Nikamjibu, nikajisogeza kwenye kabati la vioo. Mle ndani zilikuwemo sarafu mbili kama zangu, zimelazwa juu ya mahameli.

Za kijani. Zimeoza kwa ukijani.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na lolote, kwa nini asizisafishe kidogo. Bibi akaivua miwani ili anione vizuri. Akasema kijani kile ndicho umri wa sarafu. Kimeota polepole miaka mingi, hakitoki kwa kufutwa, na ndicho kitu cha kwanza anachokitafuta. Anayekisugua, akasema, ni kama mtu anayechuna ngozi ya mwanawe ili apendeze.

Nikamwambia watu wengine ni washenzi kweli. Nimerudi nyumbani.

Lakini mimi si mtu wa kulala chini. Kilichoondoka kinaweza kurudishwa. Nimeazima simu ya mke wangu, nikatafuta namna ya kupata kutu ya kijani kwa haraka. Siki na chumvi! Nimechukua chupa ya siki jikoni, nikalowesha matambara, nikazilaza sarafu ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, nikasukuma chini ya kitanda. Kilichochukua miaka mia mbili, mimi nakimaliza kwa siku mbili.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu amehamia chumba cha mama yake. Anasema akiwa nyuma alikuwa anakohoa, lakini angalau alikuwa anapumua.

Mama mkwe anatafuta siki yake. Ameuliza kila mtu. Jioni mwanyumba na mke wake walikuja kula, na alipopita mlangoni kwetu mwanyumba alisimama, akanusa, akanitazama. Kuna watu wanaweza kukutukana kwa pua peke yake.

Nimefunua bakuli. Kijani kimekuja! Ni kijani cha chura, kimekolea, hata zile za bibi hazifikii. Tatizo dogo ni kwamba ukikigusa kinakufuata. Mezani mama mkwe akaniuliza vidole vimekuwaje. Nikasema nilikuwa napaka rangi. Akauliza nilikuwa napaka nini. Nikasema kibao. Akasema angependa kukiona hicho kibao.

Kwa hiyo baada ya chakula imenibidi nipake kibao. Nimetumia mlango wa kabati letu. MTAALAMU WA SARAFU ZA KALE. Neno KALE halikutosha, nimelimalizia kwa chini. Kimependeza mno. Nguo zetu sasa zinaonekana kwa kila anayeingia.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika haya ili yasiandikwe na mtu mwingine.

Asubuhi nimezimwaga sarafu kumi na moja mbele ya bibi wa vitu vya kale. Akavaa glavu. Akachukua pamba yenye maji, akafuta sarafu ya kwanza mara moja tu. Pamba ikawa kijani, sarafu ikawa inang'aa. Akaangalia pamba. Akaniangalia mimi. Akachukua ya pili.

Kisha akashika lenzi, akageuza ukingo. Akauliza nani amepiga msasa. Nikasema ni miaka, mama, miaka inasaga vitu. Akasema miaka haisagi kwa kwenda upande mmoja na kurudi.

Halafu akanipa hukumu, polepole, na kila neno nalikumbuka. Alisema umbo ni sahihi. Maandishi ni sahihi, yanasomwa juu, chini, kulia, kushoto, na yanataja enzi ya mfalme Qianlong. Kuhusu moto hayasemi chochote. Uzito umepungua kidogo kwa sababu ya msasa, lakini shaba yenyewe ni sahihi. Sarafu, kwa maoni yake, ni za kweli. Kutu ndiyo ya bandia. Ile mikwaruzo ya ukingoni, akasema, ndiyo ilikuwa saini ya mafundi. Walizitunga sarafu kwenye mti wa mraba wakazipiga tupa zote kwa pamoja, na yeye akiikosa mikwaruzo hiyo anaingiwa na shaka.

Akasema katika kazi yake ameona watu wengi wakichukua kitu cha bandia na kukifanya kionekane cha kweli. Mtu aliyechukua cha kweli na kukihangaikia mpaka kikawa cha bandia, ndiyo mara ya kwanza.

Nikauliza kama anaweza kuniandikia kikaratasi chenye neno la kweli tu, yale mengine ayaache. Akanifungulia mlango.

Nikiwa kizingitini akaniuliza kama kati ya sarafu nilizozikuta kuna hata moja ambayo haikupita mikononi mwangu. Nikasema hakuna. Nilipofika katikati ya barabara ndipo nilipoikumbuka meza ya mwanyumba.

Nimekimbia. Ndiyo, mimi, na umri huu. Nimeokota kipande cha mbao njiani, nia yangu ikiwa safi kabisa, kubadilishana bila kumsumbua mwenyewe. Mwanyumba hakuwepo, alikuwa ameingia ndani ya duka kunywa chai. Nikapiga magoti chini ya meza. Nikanyanyua mguu kwa bega, nikavuta kile kitambaa. Kikagoma. Nikavuta tena.

Saa zote zimeanguka. Zenye kengele zikalia kengele. Wateja wa duka la viatu wakatoka nje wakiwa na kiatu kimoja kimoja, na mwanyumba nyuma yao na kikombe chake cha chai. Na juu yangu, nikiwa bado magotini, ilikuwa imesimama miwani ya mnyororo. Bibi alikuwa amekuja kuchukua saa yake.

Sarafu kubwa ilikuwa imebingirika mpaka kwenye ncha ya kiatu chake. Akaiokota, akakifungua kitambaa. Akakaa kwenye kiti cha mwanyumba bila kukaribishwa, akaitazama muda mrefu sana, akaigeuza. Hapo ndipo nilipoliona tabasamu lake. Akamwambia mwanyumba kwamba hii ni ya mfalme wa baadaye, kutoka karakana ambayo haikudumu, na yeye ameisoma vitabuni tu. Kutu yake yote ipo. Kingo zake zote zipo. Akamuuliza aliitunzaje.

Mwanyumba akafikiri. Akasema hakuifanya kitu.

Jumapili, 9 Juni

Chakula cha mchana. Sikuonja ladha ya kitu.

Walipoondoa sahani, mwanyumba akatoa kile kitambaa mfukoni, akakiweka mbele ya mama mkwe. Akasema, mama, hii ni ya marehemu. Basi. Angeweza kudai kwamba nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe, na ni kweli nilimpa. Hakudai. Huo ndio ujanja wake.

Mama mkwe akaifungua. Akakaa nayo kiganjani. Akasema hii marehemu aliiweka kwenye kola siku zote, kwa kuwa kola ndiyo humuumbua fundi. Macho yakamjaa maji. Bibi wa duka alikuwa ameomba kuinunua, na mama akasema hapana, itarudi kwenye kopo lake.

Kisha akataka kuziona nyingine. Nikazileta. Akazishika moja moja na vidole vyake vikawa kijani. Akauliza ya kumi na mbili iko wapi. Nikamwambia. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Akanusa kidole chake, akasema ahaa, siki.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba chumba cha marehemu hawezi kumpa mtu ambaye kila anachokipenda lazima akisugue. Chumba ni cha fundi saa. Akakitupia jicho kibao changu kilichoegemea ukuta, akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ndipo mke wangu akaomba kitu kimoja. Aliomba pembe ya dirishani awekewe cherehani ya baba yake, maana kushona anakujua tangu utotoni na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alimwomba shemeji yake. Hakunitazama. Mwanyumba akaitikia kwa kichwa, hata neno hakugharimia.

Niliumia. Naliandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma shajara hii. Nilitaka chumba kile nimpe mimi.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya tatu sasa mke wangu anashinda mbele. Nasikia cherehani kutoka huku nyuma. Kikohozi sikisikii tena. Inanipasa nifurahi, na nimefurahi, ingawa ni furaha ya mtu aliyebaki na tangi. Jioni alikuja kuchukua mto wake. Nilimwonyesha kwamba harufu ya siki imepungua. Akasema itabidi ipungue zaidi.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu kwa uaminifu, kama mwanamume. Kosa ni moja. Siki. Siki ni ya jikoni, haina nafasi katika utaalamu. Pale nimejifunza, na sitarudia kamwe.

Na Mungu hamtupi mja wake. Kwa kuwa chumba cha mbele kimejaa saa na nguo, mama mkwe amenikabidhi pasi ya mkaa ya marehemu niihifadhi huku nyuma. Alirudia mara tatu kwamba niiweke tu, nisiiguse. Kifuniko chake ni cha shaba. Kimekuwa cheusi kwa miaka, lakini kwa lenzi ya mwanyumba, ambayo bado hajaidai, nimeona kwamba chini ya ule weusi kuna maandishi. Maandishi! Kesho naipeleka kwa bibi wa vitu vya kale. Si mwenyewe aliyeuliza kama kuna kitu ambacho hakijapita mikononi mwangu? Hiki hakijapita. Mama anaomba kikae hivyo, na mimi namwelewa.

Ila nimeifikiria hali yenyewe. Bibi yule ni mtu wa glavu. Siwezi kumwekea mezani kitu cheusi namna hii, ataniona sina adabu. Msasa umebaki nusu karatasi.

Nitaanza na upande wa nyuma, ambao hauonekani.